Kilwa tunayo jirani, Dar kuna nini? Jibu kwa mwalimu wa historia kutoka Ruangwa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Shule imekubali tuwapeleke wanafunzi wa kidato cha tatu Dar es Salaam kwa siku tatu. Wako 42. Walimu wenzangu wananicheka, wanasema historia iko Kilwa, hapa hapa mkoani kwetu, na Dar ni foleni na maduka tu. Je, kuna historia gani ya kuwaonyesha vijana? Nianzie wapi, na nini nisipoteze muda nacho? Hela yenyewe ni ya kuungaunga.

JIBU: Salaam, Mwalimu. Wenzako wana nusu ya hoja. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, na hakuna ukuta katikati ya Dar utakaoshindana kwa umri na Msikiti Mkuu wa kule. Ukiwaleta vijana Dar kutafuta magofu, watarudi wakiwa upande wa hao wanaokucheka.

Lakini Dar ina kitu ambacho Kilwa haina: mji mzima wa kikoloni ambao bado unaishi ndani ya ramani yake ya zamani. Historia ya Dar imelala kwenye mpangilio wa mitaa, yaani nani aliruhusiwa kukaa wapi na nani alipitisha amri hiyo. Majengo yamebomolewa, majina ya barabara yamebadilishwa, ghorofa zimeota kila kona, lakini ule mgawanyo bado unauona kwa macho yako. Nao unatembewa asubuhi moja, kutoka Kivukoni ufukweni hadi Kariakoo, kama kilomita tatu hivi. Siku yenu ya kwanza ijenge juu ya matembezi hayo. Mengine yote ni nyongeza.

Anza baharini, kwa sababu bandari ndiyo iliyouzaa mji. Kabla ya mji palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, Washomvi na Wazaramo. Katikati ya miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaamua kujenga mji mpya hapo. Vitabu vingine vitakuambia 1862, vingine 1865 au 1866. Usiwabebeshe wanafunzi mwaka mmoja kama aya ya kukariri, waambie katikati ya muongo ule. (Kuhusu maana ya jina la mji nitaruka. Kila mwongoza watalii atawahadithia bila kuombwa.) Majid alitaka mji wa bara utakaopokea misafara, mbali kidogo na mabalozi wa Ulaya waliokuwa wamemzunguka Unguja. Akajenga kasri, akaleta mafundi na watumwa. Mwaka 1870 akafa. Mdogo wake Barghash aliyemrithi hakuutaka mradi huo, na mji ukaachwa majani yaote.

Hapo wape vijana swali la kufikiri: kama bandari ni nzuri hivi, mbona waliotangulia hawakujenga mji mkubwa hapa, wakaenda Kilwa na Bagamoyo? Jibu liko mbele ya macho yao. Wasimame pale Feri, kwenye kivuko cha Kigamboni, watazame lango la bandari. Ni jembamba, lina kona, kisha ndani maji ni mengi na yametulia. Kwa jahazi linalotegemea upepo, kuingia na kutoka humo ni kazi. Kwa meli ya mvuke ni starehe. Jahazi linataka ufukwe wa kupwelea, na Bagamoyo upo. Teknolojia ya usafiri ilipobadilika, thamani ya pwani nayo ikabadilika, na Wajerumani, wenye meli za mvuke, wakahamishia makao yao makuu Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Nikipewa somo moja tu la kufundisha Dar, nitafundisha hilo, hapo hapo kwenye harufu ya samaki.

Na kwa kuwa mko Feri asubuhi, waacheni waone mnada wa samaki. Mashua zinaingia alfajiri, samaki wanamwagwa mezani, dalali anapandisha bei kwa kasi ambayo mgeni haifuati, na mama wa kukaanga anaondoka na ndoo yake kabla hujajua nani ameshinda. Tahadhari mbili: sakafu ina utelezi, na msipige picha ovyo. Hatua chache kutoka hapo ni Ikulu, ambako kamera haitakiwi kabisa. Jumba la gavana wa Kijerumani lilikuwa eneo hilo hilo; lilipigwa mizinga na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nao wenyewe wakalijenga upya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vijana wako wa kusini wakumbushe kwamba amri za vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 zilitoka kwa gavana aliyekaa hapo. Vita yenyewe ilianzia Umatumbini, wilaya ya Kilwa, na mnapopita na basi Somanga kuelekea Rufiji mnaikata nchi ya vita hiyo. Sehemu hii ya somo ianzie ndani ya basi.

Kutoka Feri fuateni barabara ya ufukweni, Kivukoni kisha Sokoine Drive. Mtaona makanisa mawili ya Wajerumani: la Kilutheri la Azania Front lenye paa jekundu, na Kanisa Kuu la Katoliki la Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902. Yote mawili yamekaa yakitazama maji, makusudi, ili anayeingia na meli ayaone kwanza. Karibu na hapo, upande wa bara wa barabara, kuna Boma la Kale. Hili ndilo jengo la zama za Majid ambalo mnaweza kuligusa: kuta nene za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi ya Kiunguja. Limekarabatiwa na sasa lina kituo cha urithi wa majengo chenye maonyesho kuhusu ukuaji wa mji, pamoja na ramani za zamani. Wanafunzi wakae kwenye ramani hizo kwa muda wa kutosha. Ndizo ufunguo wa matembezi yanayobaki.

Mbele kidogo ni Stesheni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, vita ikiwa mlangoni. Jirani yake limesimama jengo jipya la reli ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma katikati ya 2024. Sihitaji kukueleza cha kuuliza hapo. Reli mbili, zaidi ya miaka mia moja kati yake, na zote zimeanzia hatua chache kutoka majini.

Sasa geukeni bara.

Hapa ndipo mgawanyo unapoanza. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi zilizoukata mji vipande vitatu, na Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 wakazirithi na kuziendeleza. Watu wa mjini wakavipa majina ya wazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Wanafunzi wasiondoke wakidhani palikuwa na kibao kinachosema Mwafrika asikae hapa. Kanuni zilizungumzia aina ya nyumba. Ukitaka kujenga mashariki mwa mji, nyumba yako iwe ya kiwango cha Kizungu, na kiwanja kikubwa. Ukitaka kujenga magharibi, unaruhusiwa udongo, miti na makuti. Kipato kikamaliza kazi ambayo sheria haikuitamka. Mwanafunzi akielewa namna ubaguzi unavyoweza kuandikwa bila kutaja rangi, amepata kitu cha kuondoka nacho.

Uzunguni ilikuwa upande wa mashariki, kule kwenye miti mikubwa: Bustani ya Mimea iliyoanzishwa 1893, Makumbusho ya Taifa, Ukumbi wa Karimjee, mpaka hospitali ya Ocean Road ya 1897. Daktari Robert Koch, yule wa kifua kikuu, alifanyia utafiti wa malaria katika mji huu miaka hiyo hiyo. Leo hospitali hiyo ni taasisi ya saratani. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Kwa Waafrika na Wahindi, tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, alitoa fedha ikajengwa hospitali nyingine, na ukoo wa hospitali hiyo ndio uliotufikisha Muhimbili. Katikati yake ilipitia jina la Princess Margaret, miaka ya mwisho ya ukoloni. Weka hospitali hizo mbili kwenye ramani moja, umbali kati yake utafundisha wenyewe.

Kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, katikati kabisa ya mji, yupo Askari. Simameni hapo hata kama jua ni kali. Ni sanamu ya shaba iliyozinduliwa 1927, askari Mwafrika ameinama kidogo mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana Mjerumani. Waingereza waliiondoa walipouteka mji. Chini ya Askari kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mwambie mwanafunzi mmoja mwenye sauti asome ya Kiswahili, wengine wasikilize. Yanawataja askari, na yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Shikeni hilo neno, wapagazi, mtakutana nalo tena Kariakoo.

Barabara yenyewe ya Samora ilikuwa Acacia Avenue enzi za Waingereza, ikawa Independence baada ya uhuru, kisha ikapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Vijana wa Ruangwa wana haki ya kumdai Samora kidogo, maana kambi kubwa ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa Nachingwea, jirani zenu. FRELIMO yenyewe iliundwa Dar tarehe 25 Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar mwaka uliofuata. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa Dar kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi, Februari 3, 1969. Kwa zaidi ya miaka kumi mji huu ulijaa wakimbizi wa kisiasa, wapelelezi na waandishi wa habari, na mzee aliyekuwa kijana wakati ule bado anaweza kukuonyesha ni nani alikuwa anakunywa hoteli gani. Hayo hayana jumba lake la makumbusho linalolingana na uzito wake, na kwa maoni yangu ni aibu ya mji.

Vukeni sasa muingie Uhindini: Mtaa wa Jamhuri, Indira Gandhi, Kisutu. Wanafunzi wainue vichwa. Chini ni maduka ya simu na dhahabu, juu ni nyumba za ghorofa mbili au tatu za kati ya miaka ya 1920 na 1950, zenye roshani, kona za mviringo, na baadhi zina mwaka wa kujengwa au jina la mwenyewe limeandikwa juu kabisa ukutani. Wape dakika ishirini watafute miaka hiyo, atakayepata wa zamani zaidi apewe soda. Halafu waulize kwa nini nyingi ya nyumba hizo zina rangi na vibao vya Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wamiliki wengi walikuwa Waasia. Familia nyingi zilihama nchi baada ya hapo. Ni mjadala mzuri wa darasani, wenye pande mbili za kweli, na ushahidi wake umesimama barabarani.

Baada ya Uhindini mtatokea ghafla kwenye uwazi: Mnazi Mmoja. Mgeni huona uwanja wa kupumzikia. Kumbe ni kizio. Waingereza waliutenga uwazi huu ili eneo la biashara lisigusane na mji wa Waafrika, wakitaja sababu za afya. Baadaye kizio hicho kikawageuka, kwa sababu uwanja mpana uliokaa kwenye mlango wa Uswahilini ndio unaofaa kwa mkutano wa hadhara. TANU ilihutubia watu hapa na pale Jangwani. Leo kuna mnara wa Mwenge wa Uhuru. Pumzikeni hapo, mnunue madafu.

Ng'ambo ya uwanja ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street. Hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kutokana na chama kilichotangulia, African Association, kilichoanzishwa Dar mwaka 1929 na watu kama Kleist Sykes. Mwanawe Abdulwahid Sykes, aliyepigana Burma na jeshi la Waingereza, alikuwa mmoja wa waliompokea Mwalimu Nyerere mjini. Na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa vikundi vya ngoma vya mjini, ndiye aliyewaleta wanawake kwenye chama kuanzia 1955. Vikundi vya ngoma vilikuwa tayari vina wanachama, michango na viongozi, akavigeuza mtandao wa siasa. Vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja. Wewe mpe robo saa. Jengo la TANU lilifanya kazi nyingine pia: Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilianza hapo hapo Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20.

Mkivuka Lumumba mmeingia Kariakoo, na hapa wanafunzi wawe wawili wawili, simu ndani ya begi, begi kifuani. Vibaka wapo. Waingereza walipoingia 1916 waliweka hapa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao. Sasa wapelekeni vijana kwenye vibao vya mitaa. Narung'ombe. Mahiwa. Tandamti. Watakuambia: Mwalimu, haya ni majina ya kwetu! Ndiyo. Ni mahali palipopiganwa 1917, kusini kwenu, na Narung'ombe iko wilayani Ruangwa. Waliobeba risasi na unga kwenda kwenye vita hivyo walikuwa wapagazi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kijana wa Ruangwa anayesimama Mtaa wa Narung'ombe, katikati ya maboksi ya viatu na mikokoteni, akisoma jina la kijiji cha wilayani kwake, hatauliza tena Dar kuna nini. Kwa mtazamo wangu hiyo peke yake inalipa nauli.

Kabla ghorofa hazijaimeza Kariakoo, kila kiwanja kilikuwa na nyumba ya Kiswahili. Zimebaki chache, nazo zinapungua kila mwaka. Ilala, Magomeni na Temeke bado zipo za kutosha. Mkiipata moja yenye mlango wazi, ombeni ruhusa ya kuchungulia. Mbele kuna baraza, hapo wanakaa watu wa bao na kahawa. Mlango unaingia kwenye ukumbi mwembamba wa katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila kimoja na mlango wake. Nyuma ni ua, wenye jiko, choo na kamba za nguo. Mwenye nyumba anaishi chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Kwa ramani hiyo Mnyamwezi, Mmakonde, Mngoni na Mzaramo waliishia kuchota maji kwenye pipa moja, wakasikilizana kwa Kiswahili maana hapakuwa na lugha nyingine ya kugombania zamu ya choo. Watu wanaandika vitabu vizito kuhusu chanzo cha umoja wa Tanganyika. Mimi ningeanza na ua huo.

Soko lenyewe la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini, likafunguliwa 1975. Tazameni paa: miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea juu, inakinga maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa, na jengo jipya likajengwa kando. Msiingie wote kwa pamoja.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi ipeni Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea. Yalifunguliwa 1940. Nenda moja kwa moja kwenye fuvu la zamadamu Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey huko Olduvai Julai 1959, maana liko kwenye mtaala wao, kisha magari ya viongozi, ambayo vijana watayapenda kuliko fuvu, usibishane nao. Uani kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998, uliowaua watu 11 hapa Dar siku ile ile iliyopigwa Nairobi. Wanafunzi wako hawakuwa wamezaliwa. Wengi hawajawahi kusikia.

Mchana huo mnaweza kwenda Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaingia siasa moja kwa moja. Sasa ni makumbusho ndogo. Ni nyumba ya kawaida, na hiyo ndiyo faida yake.

Siku ya tatu panda kilimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilihamia hapo 1964, kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea Julai 1, 1970. Ukumbi wa Nkrumah huenda wataujua, ulikuwa kwenye noti ya shilingi 500, iliyoondolewa kwenye mzunguko 2025. Mwenye noti ya zamani aje nayo walinganishe. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapa, Yoweri Museveni wa Uganda na John Garang wa Sudan Kusini walipita hapa. Kutoka Kariakoo mnapanda mwendokasi mnashuka Ubungo, mnamalizia na daladala. Mwendokasi wenyewe ni somo la jiografia: njia yake inakatiza bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha bonde linajaa, usafiri unasimama. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya tope la Kariakoo, msije masika. Juni hadi Septemba ni kipupwe, hewa ni nzuri, na shule zina likizo katikati yake.

Umeniuliza pia mambo ya kuacha. Achaneni na maduka makubwa ya kisasa. Achaneni na visiwa vya Mbudya na Bongoyo safari hii, ni vizuri lakini boti kwa watu 42 itaila bajeti. Magofu ya Kunduchi yana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina, lakini ninyi mna Kilwa, hamhitaji kusafiri kuja kuona kidogo cha mlichonacho kingi. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kiweke akiba: kama siku ya tatu imebaki na saa mbili, kiko upande huo huo wa mji. Vivyo hivyo wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa kusini kama wanafunzi wako, alianza kuuza michoro yake maeneo hayo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hardboard, akafa 1972 kwa risasi ya polisi. Kuangalia hakulipiwi.

Bahari wataitaka, na usiwanyime. Jioni ya siku ya pili wapelekeni Coco Beach, mihogo ya kuchoma ni ya bei ya wanafunzi. Au wavusheni Kigamboni na pantoni kutoka Feri na kuwarudisha. Ni dakika chache, nauli ni ya vijisenti, na wakiwa katikati ya maji wanauona mji wote kama alivyouona aliyekuja na meli: makanisa, ghorofa za Posta, kreni za bandari ambayo leo inahudumia mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi.

La mwisho ni la karatasi, na ndilo linalowakwamisha walimu wengi. Wanapoandika barua hujaza "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" wakidhani ni mji mzima. Tangu Februari 2021 jina hilo ni la iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zina halmashauri zake, na zote tano ndizo mkoa, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Wizara nazo nyingi zimehamia Dodoma. Kwa hiyo usiandikie jiji wala wizara. Andika kwa kila mahali mnapokwenda: Makumbusho ya Taifa barua yake, Boma la Kale yake, Chuo Kikuu yake. Taja idadi ya wanafunzi na walimu, tarehe na saa, na uombe kiingilio cha wanafunzi, ambacho ni nafuu. Tuma mwezi mmoja kabla, piga simu wiki moja kabla, na siku yenyewe beba nakala zenye mhuri. Wanafunzi wavae sare. Kariakoo utawaona kwa mbali, na getini hutaulizwa maswali mawili.